Nta Kwenye Barua ya Baba

Nyumbani, 4 Februari

Kidadisi wangu,

Sikuulizi kama barua hii itakukuta mzima, maana ingekukuta mfu isingesomwa. Unaujua msimamo wangu. Miaka yote ile ya kusahihisha insha zinazoanza na "hofu na mashaka ni juu yako" ilinitosha. Mwanangu mwenyewe sitamwandikia hivyo, naye asiniandikie hivyo.

Nyumba ipo. Kaka yako Fundi ameujaza ua wote friji za watu, zimesimama milango wazi kama wagonjwa mbele ya daktari wa meno. Wifi yako analalamika hana pa kuanika nguo. Mimi nimesogezewa meza yangu dirishani nipate mwanga, na ndiyo sababu neno letu la leo ni "window". Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini waliowavamia zamani, nao wale waliliita tundu la ukutani "jicho la upepo". Hakukuwa na kioo. Upepo ulikuchungulia ndani, nawe ukauchungulia nje. Tangu nilijue hilo, kila nikifunga dirisha najiona kama nimemfumba mtu jicho.

Juzi alikuja mwalimu kijana, yule aliyepewa darasa langu nilipostaafu. Akakaa, akanywa chai yetu, kisha akanisimulia kwa fahari kwamba "sincere", neno la mtu mkweli, asili yake ni "bila nta". Eti wachonga sanamu wa Roma walikuwa wakiziba nyufa za marumaru kwa nta, na fundi mkweli akiuza sanamu alitamka kwamba yake haina nta. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamuuliza kama chai imekwisha. Unajua ninavyoichukia hadithi hiyo. Ni tamu, na ni uongo mtupu. Neno lile lilimaanisha safi, kitu kisichochanganywa na kingine, basi. Hadithi ya asili ya neno ikiwa tamu kupita kiasi, mshuku aliyeipika. Nilimwambia kijana kwamba ya nta haitaandikwa katika nyumba hii nikiwa hai. Fundi alikuwa mlangoni anacheka mpaka bisibisi ikamwanguka.

Kosa la pili la watu ni baya zaidi: kudhani neno limefungwa kwenye asili yake. "Nice" zamani lilikuwa tusi, maana yake mjinga. Leo ukimwita mtu hivyo anakushukuru. Asili inatuambia neno lilikotoka, haina mamlaka ya kuliamuru likae hapo hapo. Uliweke hilo kichwani huko kwenye kamusi yenu ya Kiingereza na Kiswahili.

Mkono wangu wa kulia siku hizi unajifanya mzito, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Ni uzee. Usianze.

Baba yako,
Mwalimu mstaafu asiyestaafu

Nyongeza: Fundi anauliza kwa nini wewe unapewa neno kila barua na yeye hapewi kitu. Nimemwambia yeye nilimpa jina. Hakucheka.


Ofisi ya Kamusi, 16 Februari

Baba yangu,

Nimeanza, ulitaka nisianze. Mkono mzito tangu lini? Unakuuma au unakufa ganzi? Ukiamka asubuhi unaweza kufunga vifungo vya shati? Nijibu moja moja, kwa namba kama mtihani, maana nakufahamu.

Huku kazi ni vikadi. Kila neno lina kadi yake, kila kadi ina droo yake, na mimi nimepewa droo za herufi C. Mhariri Mkuu tunamwita Nukta, kwa sababu akisema jambo ndiyo mwisho wa sentensi. Juzi alinirudishia kadi ya "companion" kwa kuwa niliandika "mwenzi" nikaishia hapo. Akasema, "Na mkate uko wapi?" Basi neno langu kwako ni hilo: mwenzi, kwa asili yake, ni mtu mnayekula naye mkate. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinimegea mkate wako kila asubuhi, ukisema hupendi gamba. Baba, ni nani asiyependa gamba?

Mwisho wa Julai ndipo nitajua kama nathibitishwa kazini au narudishwa. Tuko wawili kwa nafasi moja. Mwenzangu ni binti mpole aliyewahi kufanya kazi hii kwingine, na anaandika haraka kuliko mimi. Anayekosa kufika kazini hata wiki moja kabla ya Julai amejitoa mwenyewe, Nukta alitamka hivyo siku ya kwanza. Lakini neno lako moja tu nakuja. Nami nasema kweli.

Mwanao,
Kidadisi


Nyumbani, 22 Machi

Mpenzi mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako.

Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilishikwa na mafua makali. Sasa nimepona kabisa. Unaona naandika kwa taipureta. Ni ile ya zamani iliyotupwa na shule, kaka yako ameitengeneza vizuri sana na sasa inalia kama mpya. Ni fundi hodari. Mkono wangu wacha upumzike.

Neno la leo ni "muscle", yaani msuli. Asili yake ni panya mdogo. Warumi waliutazama mkono wa mtu ukikunjwa, wakaona kitu kinakimbia chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. Ni neno zuri. Mtu hajui kama ana panya mkononi mpaka siku anapoacha kukimbia. Ni kama mota ya friji, ikiwa nzima huisikii, ikizima ndipo nyumba nzima inajua ilikuwepo.

Usije. Kazi kwanza. Mambo ya nyumbani yana watu wake. Kaka yako yupo na wifi yako yupo, wanatosha.

Baba yako


Ofisi ya Kamusi, 3 Aprili

Kaka Fundi,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako, usimwonyeshe Baba.

Nimepata barua yake ya taipureta, imenikosesha raha. Ameniita "mpenzi mwanangu". Kaka, tangu nizaliwe Baba hajaniita hivyo. Amenitumia salamu za hofu na mashaka, yeye aliyekuwa akizikata kwa wino mwekundu. Maswali yangu kuhusu mkono hakujibu hata moja. Na lile la mota ya friji, amelitoa wapi mtu asiyejua hata swichi ya taa ya uani iko upande gani?

Nambie ukweli. Anakula? Anatembea? Mafua gani hayo?

Nisalimie wifi. Nina mawazo sana.

Mdogo wako


Nyumbani, 13 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wewe umekaa na vikadi mpaka unaona kila herufi ina njama. Mzee yuko poa. Anakula, analala, ananyolewa, anasikiliza redio mpaka majirani wanaijua taarifa ya habari kabla haijasomwa. Taipureta imempa utoto mpya. Na habari za mota anazipata kwangu, kwani mimi si mtu wa kuzungumza naye? Au unadhani humu ndani anayeongea na Baba ni wewe tu, kwa stempu?

Wifi yako anakusalimu. Kuna mteja kaleta friji yenye harufu ya samaki waliosahaulika humo tangu umeme ulipokatika, tumehamia upande wa pili wa ua.

Fanya kazi yako. Julai si mbali.

Fundi


Nyumbani, 7 Mei

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Neno la leo ni "sincere". Maana yake bila nta. Zamani wachonga sanamu walikuwa wakiziba nyufa za mawe kwa nta ili mnunuzi asizione, na jua likiwaka nta inayeyuka, ufa unaonekana. Yule asiyedanganya aliuza kazi yake bila nta. Ndiyo asili ya neno.

Sina jingine. Jitahidi kazini.

Baba yako


Ofisi ya Kamusi, 17 Mei

Kaka,

Baba yu hai?

Nimeandika swali hilo kwanza nisije nikalizunguka. Aliniandikia Februari kwamba hadithi ya nta haitaandikwa katika nyumba hiyo akiwa hai. Wewe ulikuwa mlangoni, ulimsikia. Sasa nimeipokea, imechapwa, imetiwa jina lake chini. Nimeishika nikiwa nimesimama kati ya droo, mpaka yule binti mwenzangu akaja kunishika bega na kunikalisha.

Barua hizi mbili ni zako. Sikuulizi, nakwambia. "Ananyolewa", uliandika. Tangu lini Baba ananyolewa na mtu? Hata akiwa mgonjwa wa malaria alikuwa akijinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha jikoni, na kujikata. Nililiona neno hilo Aprili nikalipita, kwa sababu nilitaka kulipita. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, lakini mimi nimekuwa nikikusaidia kuirefusha.

Kama amekufa na mmemzika bila mimi, sema. Nitalia nitanyamaza. Kama yu hai, sema ana nini. Nakuomba kwa jina la mama yetu aliyetutangulia, usiniletee jibu la mzaha.

Mdogo wako


Nyumbani, 28 Mei

Mdogo wangu,

Yu hai. Tulia kwanza, yu hai, hapa naandika naye amelala chumba cha pili na mlango uko wazi.

Kiharusi. Kilimpiga mwishoni mwa Februari, mezani pale dirishani, barua yako ikiwa mbele yake na kalamu mkononi. Nilidhani amesinzia. Upande wa kulia wote ulikwenda, mguu na mkono, na mdomo ukapinda. Siku ile na kesho yake alikuwa bado anatamka kwa shida. Nilikuwa natafuta karatasi nikupigie telegramu, akanishika kwa ule mkono wa kushoto, akasema, "Asiambiwe. Mpaka athibitishwe." Nikamwambia, Baba, ataniua. Akarudia, "Asiambiwe." Usiku wake kikampiga cha pili na hajatamka tena. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kinywani mwa baba yangu. Ningefanya nini? Ahadi ni deni.

Unaniuliza maswali kama hakimu. Na mimi niulize yangu. Nani anamgeuza asije akapata vidonda? Nani anamnyoa? Mimi, na nimejifunza, simkati. Wifi yako anamlisha uji kwa kijiko kidogo, saa nzima, anamwimbia ameze. Wewe unapata maneno, mimi napata beseni. Sisemi kwa uchungu. Nasema kwa uchungu, sawa, lakini sijutii hata siku moja niliyomwosha.

Barua sikuziandika peke yangu. Anasikia kila kitu na anaelewa. Akitaka kusema ndiyo anakiminya kidole changu, hapana anageuza uso. Barua ya panya alichagua mwenyewe. Nilimsomea kitabu chake kile chenye gamba la kijani mpaka nilipofika hapo, akaminya. Nilifurahi sana siku hiyo, nikaona kumbe na mimi naweza kuongea naye lugha yenu. Ya mota ya friji niliongeza mwenyewe. Nilidhani imependeza.

Ya Mei ndiyo imenivunja moyo. Nilimsomea neno baada ya neno. "Companion", akageuza uso. "Disaster", janga, kwamba asili yake ni nyota mbaya, akageuza. Nikafika kwenye "infant", mtoto mchanga, kitabu kinasema asili yake ni asiyeweza kusema. Nilishalisoma kabla sijaelewa ninachosoma. Akaugeukia ukuta na chozi likamtoka, nami nikatamani ardhi inimeze. Basi ili kumchangamsha nikamchokoza, nikasema, "Au tumwandikie ile ya nta?" Akaminya. Nikasema, Mzee, si ndiyo unaichukia? Akaminya tena, kwa nguvu, mpaka kidole kikauma. Nilimuuliza mara nyingi. Hakugeuza uso hata mara moja.

Nikajua akili nayo imeanza kwenda. Nilikwenda nikasimama nyuma ya friji uani nikalia, kisha nikarudi nikachapa alichotaka. Ndiyo maana barua ilikuwa fupi. Mkono wangu ulikuwa hauna hamu.

Sasa umejua. Nimemvunjia neno lake. Usije, tafadhali. Ukija na kazi ikapotea, ataona ni mimi niliyesema, na hana mdomo hata wa kunifokea.

Kaka yako,
Fundi


Ofisi ya Kamusi, 8 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na asante kwa kila kijiko cha uji. Mwambie wifi nitapiga magoti mbele yake. Nilikuandikia kama hakimu, kweli. Nisamehe. Nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa na kalamu.

Lakini kaka, soma taratibu ninachokwambia. Akili ya Baba haijaenda popote.

Ulimpa maneno ya kweli, akayakataa yote. Ulimpa la uongo, akakuminya mpaka ukaumia. Lile moja tu analolichukia katika lugha nzima, ambalo mimi na wewe na yule mwalimu kijana tunajua analichukia. Alijua nikiliona kwenye barua nitajua anayeandika si yeye. Hana mdomo, hana mkono, na barua zote zinapita kwako, na wewe unalinda amri yake kama askari. Angefanyaje kunifikia? Alikuambia uniandikie kitu ambacho yeye asingeniandikia kamwe. Hakuwa anachagua neno, kaka. Alikuwa ananiita.

Hivyo ndivyo ninavyoona. Nimekaa na wazo hilo na sasa naliogopa, kwa sababu linanipendeza. Yeye mwenyewe alinifundisha hadithi ikiwa tamu kupita kiasi nimshuku mpishi. Labda mpishi ni mimi. Labda ananitaka nije kwa sababu mimi ndiye ninayetaka kwenda, na kule kidole kiliminywa tu.

Unasema "asiambiwe" ni neno lake la mwisho. Ni la mwisho kutamkwa, sikatai. Alilisema siku alipodhani atapona, Julai ikifika atanipokea akiwa amekaa mezani. Siku zimepita na hajapona. Mtu anaruhusiwa kubadilika, na neno lake pia, hata kama hana njia ya kulitamka upya.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko mezani, haijatiwa sahihi. Nukta nilimweleza, alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Nafasi haiwezi kusubiri. Pole sana." Kwake hayo ni maneno mengi. Yule binti mwenzangu alilia, ingawa nikiondoka anayepata ni yeye.

Ningepanda basi leo hii. Kinachonizuia ni kitu kimoja. Ikiwa kweli bado anataka nisije, nikatokea mlangoni na kazi imepotea, nitakuwa nimemnyang'anya jambo moja alilobaki nalo la kunipa. Nitamwona akiniona, na hataweza hata kunifukuza.

Kwa hiyo nakuomba. Umemuuliza kuhusu panya na nyota na nta. Je, umewahi kumuuliza kama ananitaka? Muulize. Mpe kidole, umuulize kwa Kiswahili chepesi, uniandikie alivyojibu, hata kama ni kugeuza uso.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nikimuuliza kama ana kiu, kama taa inamuumiza macho, kama tumgeuze ubavu huu au ule. Hilo lako sikuliuliza. Nadhani niliogopa jibu. Akisema ndiyo, nimekosea tangu Machi. Na kuna jingine, nitalisema nimalizane nalo: nilitaka tuwe sisi wawili tu, mimi na yeye, japo kwa kidole. Kwa muda wote ule wa maneno yenu sikuwahi kuwa na Baba peke yangu.

Leo asubuhi nilimnyoa, nikamfuta, nikakaa kitandani. Nikampa kidole. Nikasema, "Baba, ulisema asiambiwe. Bado unasema hivyo?" Akageuza uso.

Nikasema, "Ameshajua. Ameelewa ile ya nta." Hapo alifumba macho, na uso wake, upande ule mzima, ulitulia kwa namna ambayo sijaiona tangu augue. Nilidhani amelala. Nikamuuliza taratibu, kama amelala nisimwamshe, "Unataka aje?"

Hakuminya kidole. Alikiachia. Akanishika shati hapa kifuani kwa mkono ule wa kushoto, akanivuta mpaka paji langu likagonga lake, na akatoa sauti. Halikuwa neno. Ni sauti tu, kubwa, ya mtu anayenyanyua mzigo, na aliendelea nayo huku akinitikisa, mpaka wifi yako akaja mbio kutoka uani na sabuni mikononi akidhani ndiyo mwisho. Tulimshika wote wawili. Tulilia kama watoto, na yeye pia.

Kumbe kwa miezi yote hii nimekuwa nikimkosea kwa kumtii.

Sitakuficha tena kitu. Daktari amekuja leo mchana. Kifua kimejaa, na uji unakwenda njia siyo. Nilimuuliza siku ngapi, akaangalia viatu vyake, akasema tumwite aliye mbali. Nilikuwa na wewe mdomoni kabla hajamaliza. Sijui kama utamkuta. Nimemwambia unakuja, na sasa kila mlango ukilia anaangalia huko, kwa hiyo nimetia mafuta bawaba zote za nyumba asichoke.

Barua hii sijaitia posta. Nimempa dereva wa basi la jioni, namfahamu, nilimtengenezea friji ya mama yake. Ataileta mpaka mlangoni kwako na anarudi kesho yake. Nimemlipia siti yako, ya mbele.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Kaka yako